Minanasi ya Shangazi

Shangazi yangu hupima afya ya mmea kwa pua. Asubuhi, akishamaliza chai na kabla jua halijaufikia ua, huvipitia vyungu vyake kimoja kimoja. Huinama, akachovya kidole katika maji yaliyotuama katikati ya majani, kisha akakileta kidole puani. Maji mazima hayana harufu, au yana harufu nyepesi ya jani bichi. Yakinuka, moyo wa mmea umeanza kuoza, na hapo hangoji. Huupindua kichwa chini, akayamwaga maji yote, akausuuza kwa maji ya mvua na kuuacha mtupu kivulini siku mbili tatu. Miaka yote niliyomtazama, mimea iliyomwozea mikononi mwake mwenyewe haifiki idadi ya vidole vya mkono mmoja.

Nyumba yake iko Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, nyumba ya mawe na chokaa ya ghorofa mbili iliyouzunguka ua wenye urefu wa hatua tisa na upana wa hatua sita. Humo mna vyungu arubaini na kitu. Vingine ni vya udongo, vingine ni ndoo za rangi zilizotobolewa chini, na mimea iliyomo yote ni ya ukoo mmoja, ukoo wa mnanasi. Wageni hawaamini. Wanaona jani la rangi ya fedha lenye ua la waridi, wanaona mmea mwekundu uliokaa bapa kama sinia, wanaona vishada vya majani membamba vilivyoning'inizwa ukutani bila ya udongo wowote, na wanauliza mnanasi uko wapi. Jirani mmoja mpaka leo anaiita katani. Shangazi huwaonyesha ndoo iliyo pembeni mwa ngazi, ambamo mna mnanasi wa kawaida, ule ule wa kuliwa. “Huyu ndiye mkubwa wao,” husema. “Mimi nimesomea kwa huyu.”

Wataalamu wa mimea wamehesabu aina zaidi ya 3,000 katika ukoo huu, nao wameupa jina la Olof Bromelius, tabibu na mwanabotania wa Sweden aliyefariki mwaka 1705. Aina zote asili yake ni Amerika, isipokuwa moja tu inayoota kwenye majabali ya Guinea, Afrika Magharibi. Nanasi lenyewe lilikuwa likilimwa na wenyeji wa huko muda mrefu kabla Columbus hajalikuta katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493. Watu wa Amerika Kusini waliliita nanas. Lugha nyingi za dunia zimetia a mbele na kusema ananas; Kiswahili kimeiacha ile a na kutia i mwisho, na nanasi likawa letu kama kinavyokuwa chetu kila kitu kilichoshuka pwani hii na kukubali kuota.

Hayo shangazi hakuyasoma popote. Alizaliwa shamba, katika ule upande wa Unguja wenye udongo mzito unaokubali karafuu, na baba yake alikuwa na minanasi chini ya minazi. Kazi ya watoto ilikuwa kupalilia baina ya mistari, kazi isiyotamaniwa na mtu, kwa sababu jani la mnanasi lina miba kingoni na linachana miguu. Huko ndiko alikojifunza kuutazama mmea wenyewe na siyo tunda peke yake: mahali maji ya mvua yanapokaa, watoto wa mmea wanapochomoza, rangi inayoonyesha njaa na rangi inayoonyesha jua kali. Alipoolewa mjini aliyaacha mashamba, lakini jicho alikuja nalo. Mmea wake wa kwanza wa pambo aliletewa na wifi yake, mtoto mmoja tu aliyefungwa katika gazeti, na aliyeuleta hakujua hata ni kitu gani. Shangazi aliutazama namna majani yanavyozungukana na kubana katikati, akasema, “Huu mnanasi.” Akaupanda kama alivyomwona baba yake akipanda.

Chukua ule wenye jani la fedha, ambao jina lake la kitaalamu ni Aechmea fasciata, nao asili yake ni Brazil. Majani yake ni mapana na magumu, yamejikunja na kushikana chini hata yakafanya kikombe kisichovuja. Rangi yake ni kijani cha kijivu, na juu yake imekatisha mistari myeupe, kama mistari ya kikoi. Ukipitisha kidole, weupe ule unakubakia kidoleni kama unga wa muhogo na jani linabaki na alama, na alama haifutiki tena maisha ya jani lile. Nilipokuwa mdogo niliandika jina langu juu ya jani kwa ukucha. Shangazi hakunipiga. Alinishika mkono akanipeleka mbele ya mmea ule kila siku kwa wiki nzima nione kwamba maandishi bado yapo.

Unga ule si vumbi wala si ukungu. Ni magamba madogo mno, na kila gamba linakunywa. Mimea mingi ya ukoo huu kwao huota juu ya magome ya miti, ambako hakuna udongo, na mizizi yake kazi yake kubwa ni kushika tu. Maji na chakula huingia kwa majani: mvua hujaza kikombe, majani makavu na wadudu huanguka humo na kuoza, na magamba hunyonya mchuzi ule. Anayemwagilia udongo kila jioni kama anavyomwagilia mchicha anauozesha mmea chini huku juu una kiu. Ndivyo wengi wanavyoiua, na wanaiua kwa mapenzi. Mkono wa shangazi katika maji ni mkono wa kuzuia zaidi kuliko wa kutoa: kikombe kijae, udongo upate unyevu na kukauka, basi.

Lakini maji gani? Hapa ndipo Unguja inapoipa kazi hii ugumu wake. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Visima vingi vya Mji Mkongwe vina maji ya chumvi, na maji ya bomba, ambayo nayo hutoka chini ya ardhi, yana chokaa ya kutosha kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko ule ule hukaa juu ya jani na kuyaziba magamba. Kwa hiyo shangazi hutumia mvua. Ana mapipa mawili ya plastiki chini ya mfereji wa bati, na ana sheria yake: mvua ya mwanzo haikingwi. Baada ya miezi ya ukavu bati limejaa vumbi, kinyesi cha kunguru na chumvi ya upepo wa bahari, basi mvua ya kwanza na ya pili huachiwa zioshe. Ya tatu ndiyo inayoingia pipani. Maji ya masika hujaza mapipa yote mawili mpaka yamwagike. Ya vuli huwa ni ya kubahatisha. Januari na Februari, kaskazi linapovuma na mbingu imekauka, nimemwona akigawa maji kwa kikombe cha kahawa, kila mmea kikombe kimoja, wadogo nusu.

Udongo pia si udongo. Ndani ya ndoo zake mna makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa kiasi cha kete za bao, vipande vya mkaa, na mchanga mzito kidogo wa kutia uzani. Makumbi hayo huyachagua. Wanawake wa pwani ya mashariki, kama Jambiani na Bwejuu, hufukia makumbi kwenye matope ya ufukwe miezi kadhaa, wakayafukua yakiwa yamelainika, wakayapiga kwa gongo mpaka ubaki usumba wa kusokotea kamba. Usumba ule ni mzuri kwa kamba, ila umekunywa bahari. Shangazi hutaka makumbi makavu ya shamba, na hata hayo huyaroweka na kuyamwaga mara tatu, mpaka maji yake yatoke bila ya rangi ya chai. Ndipo anapopanda. Mimea hii haitaki kushikwa miguu. Inataka hewa ipite baina ya mizizi, kama inavyopita juu ya gome la mti.

Kuhusu jua, sikuuelewa mpango wake mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mara mbili kwa mwaka ua wote ulikuwa ukihamishwa, na sisi watoto ndio tuliokuwa wachukuzi. Kusi likishashika, jua linakwenda upande wa kibla, yaani kaskazini, na kivuli cha ukuta wa kibla kinautambaa ua. Mwanga unaangukia upande wa suheli, yaani kusini, na vyungu vyote vinavyopenda jua huhamia huko. Kaskazi likiingia, jua limeshapita juu ya vichwa na kwenda suheli, na vyungu hurudi kuuegemea ukuta wa kibla. Unguja iko nyuzi sita kusini ya ikweta, kwa hiyo jua letu hutazama kotekote. Kwenye kiwanja kipana jambo hilo halina uzito. Ndani ya ua uliobanwa na kuta za ghorofa mbili, tofauti yake ni mmea mwekundu au mmea uliopauka. Ule uliokaa bapa kama sinia, ambao ni wa jamii ya Neoregelia, ndiyo saa yake. Jua likiutosha, huwa na rangi ya damu ya mzee. Ukikosa, hurudi kijani pole pole kuanzia moyoni, na shangazi akiiona kijani ile huanza kutuita.

Kuna kosa nililolifanya mwenyewe, nami naliandika kwa sababu wengine watalifanya. Ile mimea inayoning'inia ukutani, ya jamii ya Tillandsia, ilikuwa imefungwa juu ya vipande vya mti kwa kamba ya usumba, na kamba ilikuwa imeoza. Nikataka kumfurahisha shangazi. Nikachuna waya wa umeme uliobaki katika ukarabati, nikaifunga mimea yote upya kwa nyuzi za shaba, imara na za kupendeza. Mwezi haukwisha, ncha za majani zikageuka kahawia, kisha moyo, kisha mmea mmoja ukang'oka mkononi mwangu kama jino lililooza. Shaba ni sumu kwa ukoo huu wote. Tone la maji likipita juu ya waya na kushuka kwenye jani linabeba kiasi cha kuua, na dawa za ukungu zenye shaba ndani yake huua vivyo hivyo. Mitano ilikufa. Shangazi aliikusanya, akaifunga iliyobaki kwa usumba mpya, na tangu siku hiyo kazi ya kufunga ni yangu.

Lipo suala la mbu, na nalitaja kwa uzito wake. Kikombe cha maji yaliyotuama ndani ya mji ni nyumba ya mbu, hasa Aedes aegypti, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi. Dar es Salaam iliijua homa hiyo vizuri mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na kutoka kule hadi hapa ni safari ya boti ya saa mbili. Ukipanda mimea hii na ukasahau jambo hili, unawaumiza majirani. Yai la mbu katika joto letu linahitaji kiasi cha wiki moja au zaidi kidogo kuwa mbu wa kuruka. Basi kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuanza maandalizi ya sala, shangazi huvimwaga vikombe vyote. Hutia maji kwa nguvu mpaka yafurike, huinamisha chungu, huyaacha yamwagike, kisha hujaza mengine. Nimepiga hesabu, kazi hiyo inamchukua dakika arubaini. Hajawahi kuiacha Ijumaa hata moja akiwa yupo nyumbani, na asipokuwepo huacha agizo. Vidung'ata huja pia, vile vyeupe kama pamba vinavyobebwa na sisimizi, lakini hivyo huvifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na havimnyimi usingizi.

Nifike kwenye ua, kwa sababu ndilo watu wanalolipenda, na ndilo linaloeleweka vibaya.

Karibu kila mmea wa ukoo huu huchanua mara moja tu. Moyo wenyewe, ile sehemu inayotoa majani mapya, hugeuka kuwa ua, na baada ya hapo hakuna jani jingine litakalotoka. Ua la Aechmea laweza kukaa miezi mitano sita likiwa bado la waridi, huku vijiua vidogo vya zambarau vikifunguka kimoja baada ya kingine na kunyauka. Mmea wenyewe huanza kuondoka taratibu, mwaka mmoja, pengine miwili. Ndiyo maana naona uchungu ninapoiona imepangwa katika kumbi za kupokelea wageni, imenunuliwa ikiwa na maua tayari, na ua likichakaa mmea mzima unatupwa. Wanaofanya hivyo wamenunua mwisho wa mmea na kuutupa kabla kazi yake kubwa haijaanza, maana wakati huo huo ndipo watoto wanapojipanga chini ya shina.

Wakati mwingine mmea hukua, ukapita umri, ukagoma kuchanua. Shangazi ana dawa yake. Humwaga maji ya kikombe, huweka ndizi mbili zilizoiva sana juu ya makumbi, huufunika mmea wote kwa mfuko wa nailoni uliokuja na blanketi, na kuuweka kivulini siku kumi. Baada ya hapo hufunua na kungoja, mwezi mmoja na nusu, miwili, mitatu. Mara nyingi siku moja asubuhi hukuta ncha nyekundu imechungulia ndani ya kikombe. Ndizi inapoiva hutoa hewa iitwayo ethilini, na hewa hiyo ndiyo inayouambia mmea kwamba wakati umefika. Mwaka 1874, katika visiwa vya Azores, wakulima wa mananasi waligundua kuwa moshi ulioingia ndani ya nyumba zao za vioo umeifanya minanasi ichanue yote kwa pamoja. Ndani ya moshi mna hewa hiyo hiyo. Wakulima wakubwa wa leo hutumia dawa za viwandani kupata jambo lile lile. Shangazi anatumia ndizi, na anakataa kabisa kuitumia kwa mmea ambao haujatimia. “Mtoto haozwi,” anasema, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Kwangu mimi ustadi wake wote unaonekana katika kumtoa mtoto. Mtoto huchomoza ubavuni mwa mama, kwanza kama ncha ya kalamu, kisha kama ngumi. Asiyejua humtoa hapo, kwa pupa ya kupata mmea wa pili, na mtoto hufa kwa sababu bado ananyonya. Shangazi humwacha mpaka awe kati ya theluthi na nusu ya kimo cha mama. Siku yenyewe ikifika huukalisha mmea mapajani juu ya kipande cha gunia. Huyafunua majani ya chini kwa dole gumba, akatafuta ule mkonyo unaowaunganisha, na hutulia hapo kwa muda, anapapasa tu, haangalii. Halafu huingiza kisu chembamba, akakata kuelekea kwa mama, kamwe siyo kuelekea kwa mtoto, ili mkonyo wote uondoke na mtoto pamoja na vijizizi vyake. Mlio wake ni mdogo, kama kuvunja karoti. Humlaza mtoto kivulini siku mbili tatu jeraha likauke. Kisha humpanda juu juu, asizame, maana akizama anaoza, na humfunga kwa usumba kwenye kijiti ili asitikisike mpaka mizizi ishike. Maji humtilia kikombeni tu. Mama naye hurudishwa chunguni pake, kwa sababu bado ana uwezo wa kuzaa wengine.

Nimejaribu kazi hiyo mara nyingi. Mikono yangu hukata sawasawa; kinachonishinda ni kule kupapasa, kujua kwa ncha ya kidole kwamba mkonyo umekomaa, umekuwa mgumu kama mti mahali ulipokuwa laini kama chipukizi. Yeye anasema alijifunza hilo akiwa na miaka minane, kwa kuvunja watoto wa mnanasi shambani mia kwa mia, kwa amri ya baba yake.

Mtoto wa kwanza wa kila mmea hutolewa nje ya nyumba. Hii ni sheria yake nyingine. Anakwenda kwa jirani, kwa shoga, kwa yeyote aliyeusifu mmea akimaanisha. Zamani nilidhani ni ukarimu tu. Mwaka mmoja alikwenda Muscat kwa mwanawe, akakaa miezi mitatu, na aliyeachiwa ufunguo alimwagilia udongo kwa bidii kila jioni. Aliporudi, sinia zake nyekundu zote zilikuwa zimeoza. Hakusema kitu. Wiki haijapita, wifi yake wa Kikwajuni akapiga hodi akiwa amebeba ndoo, na ndani ya ndoo mna mjukuu wa mmea ule ule, mwekundu kama mababu zake. Mimea ya shangazi imetawanyika nyumba nyingi za Unguja, na kila nyumba ni ghala.

Kisiwa hiki kimeishi kwa mtindo huo tangu zamani. Mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, mpapai na mkorosho vilitoka Amerika kama mnanasi, na tumevila na kuviuza mpaka tumesahau kuwa ni wageni. Nasi tumetoa. John Kirk, balozi wa Uingereza hapa zama za Sayyid Barghash, alikuwa mtu wa mimea. Alikuwa na bustani yake Mbweni na alipeleka mimea mingi bustani ya Kew, karibu na London. Mmoja katika aliyoipeleka ni ua dogo la kivulini, lenye shina la maji maji, ambalo mwaka 1882 lilipewa jina Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Leo jamii ya ua hilo hupandwa madirishani na mabustanini duniani kote, na wengi wanaolipanda hawajui Sultani huyo ni wa wapi.

Mwezi uliopita nilimpeleka shangazi shamba. Minanasi ya baba yake imebaki mistari michache, inatunzwa na mpwa wake. Alichuma nanasi moja lililoanza kuwa manjano chini, akakaa juu ya gogo, akalishika kwa mikono miwili na kunifundisha kulihesabu. Nanasi si tunda moja. Ni maua mia na zaidi yaliyoshikamana, na kila jicho lilikuwa ua. Macho hayo yamejipanga kwa mistari ya kuzunguka. Fuata mlalo mmoja kutoka chini kwenda juu, utahesabu mistari minane. Fuata mlalo wa upande wa pili, utahesabu kumi na tatu. Nililihesabu mara tatu, nane na kumi na tatu. Wauza matunda wa Darajani wanaijua mistari hiyo bila ya kuihesabu. Mtazame mmoja wao akimenya: hukata ganda jembamba, macho yakabaki, kisha huulaza mwundu wake mwembamba na kuchonga mfereji wa mshazari kufuata mstari wa macho, na mwingine, na mwingine, mpaka nanasi lisimame mkononi mwake limesukwa kama nguzo ya mlango wa kuchonga, na nyama iliyopotea ni kidogo mno.

Basi ukinunua nanasi wiki hii, mwombe muuzaji akuachie kishungi cha majani kichwani. Kizungushe kwa mkono kitoke chenyewe, uondoe nyama yote iliyoshikamana, uchambue majani madogo ya chini mpaka uone vijizizi kama vidoti vya kahawia. Kiache kivulini siku tano au sita kikauke jeraha. Kipande juu juu katika ndoo iliyotobolewa chini, yenye mchanga na makumbi yaliyorowekwa vizuri, ukiweke penye jua la asubuhi, na kila wiki umwage maji yaliyotuama katikati ya majani utie mengine. Usikipe maji ya chumvi. Utakula nanasi lake baada ya miaka miwili, au zaidi kidogo, na pembeni mwa shina utakuta watoto.